UZI: PCEA ilivyotoka Kibwezi ikafika Nendeni, na mbona bado tunaitwa kanisa la Wakikuyu?

Mwana_wa_Thogoto:

Wadau habari za jioni. Huu uzi nimeahidi tangu mwezi wa nne nikawa nasukumwa na kazi, leo mvua imenifungia nyumbani acha niutoe wote. Ni kuhusu PCEA, yaani Presbyterian Church of East Africa, kanisa nililobatizwa nikiwa mchanga, nikasoma katekisimu, nikapewa kadi ya ushirika, na saa hii ni mzee wa distrikti mwaka wa saba. Kwa hivyo naongea nikiwa ndani ya nyumba, si mpita njia anayerusha mawe dirishani.

Kilichonisukuma ni safari ya Nendeni tuliyoenda Samburu. Kwa wasiojua, Nendeni ndio jina tunaloita maeneo ya misheni ya kanisa letu, limetoka Mathayo 28, kule mnatumwa mkawafanye mataifa yote wanafunzi. Ni Samburu, Turkana, Marsabit, Umaasaini, huko kote ambako kanisa halijashika mizizi kama huku mlimani. Nilirudi na kitu kimenikwama kooni. Lakini nikianza na hiyo hamtaelewa mbona niliudhika, kwa hivyo nivumilieni nianze mbali.

Watu wengi, hata wazee wenzangu, wanadhani tulianzia Thogoto. Hapana. Tulianzia Kibwezi, Ukambani, 1891. Pesa zilitoka kwa William Mackinnon, tajiri wa Scotland aliyekuwa na ile kampuni ya IBEA iliyopewa ruhusa na Waingereza kutawala huku, pamoja na marafiki zake kama Alexander Low Bruce, mkwe wa Livingstone. Wakamtoa James Stewart kwenye shule yake ya Lovedale Afrika Kusini aje aongoze msafara. Misheni ikaitwa East African Scottish Mission. Yaani tajiri wa biashara ndiye alitoa hela, daktari wa Lovedale akatoa mpango, na Kibwezi ikachaguliwa kwa sababu iko njia ya misafara ya kutoka pwani. Kwenye karatasi ilikaa poa sana.

Kibwezi ikawashinda. Malaria iliwapukutisha, wengine wakafa wengine wakarudi kwao wakiwa hoi, na waliotakiwa kuja kusikiza injili hawakuja kwa wingi. 1898 Thomas Watson akabeba kilichobaki akapanda nacho huku juu, Kikuyu, kwenye baridi kusiko na mbu wengi.

Na hata huko alifika wakati mbaya. Hiyo ndiyo miaka ya ile njaa kubwa, 1898 mpaka 1900, njaa pamoja na ndui, watu wanakufa kando ya njia. Watson alishinda akilisha watu na kuuguza. Alikuwa ameoa juzi tu, mchumba wake Minnie alikuja kutoka Dundee wakafunga ndoa, na baada ya kama mwaka mmoja hivi, Desemba 1900, bwana akafa kwa nimonia. Mimi ningekuwa huyo mama ningepanda meli ya kwanza. Yeye alikaa mpaka 1931! Akafundisha watoto kusoma, akachunga mabinti waliotoroka kwao, watu wakamwita Bibi wa Ngambi, ngambi ikiwa ni kambi kwa matamshi yetu. Alifia Scotland 1949 na majivu yake yakaletwa Thogoto akazikwa karibu na mzee wake.

Sasa hesabu kitu kimoja. Walifika 1891. Ubatizo wa kwanza pale Kikuyu ni 1907. Miaka 16! Leo sisi tukimtuma mwinjilisti Nendeni, miezi sita haijaisha tunamuuliza ripoti iko wapi, amebatiza wangapi.

Naendelea, ngoja nichemshe chai.

MtuWaEmali:

Kumbe mlianzia kwetu mkatutoroka kwa sababu ya mbu 😂 Na sisi tukaachiwa kanisa la AIC. Endelea mzee, nimekaa.

KijanaWaBrigedi:

Mimi nimekuwa Boys' Brigade tangu darasa la nne na hakuna siku mtu ametuambia mambo ya Kibwezi. Tunapiga ngoma tunamarch tunaenda nyumbani.

Mwana_wa_Thogoto:

@MtuWaEmali deni hilo tunalo, sikatai.

Haya. 1901 Kanisa la Scotland likachukua hiyo misheni rasmi maana ile ya watu binafsi ilikuwa imeishiwa. Akaletwa Clement Scott aliyekuwa Blantyre, Malawi. Huyu akachukua ardhi, ekari kama 3,000, ndoto yake ilikuwa shamba kubwa la mission lijilishe na kufundisha watu kazi. Hapo ndipo palipoanza kesi ya ardhi ambayo mpaka leo ukikaa na wazee wa Kikuyu watakupa upande wao, na kale kamsemo ketu kwamba hakuna tofauti ya padri na mzungu settler hakakuanguka kutoka mbinguni. Scott akafa 1907. Mwaka huo huo akaja Dr John Arthur, na 1908 ikafunguliwa Tumutumu kule Nyeri. 1922 Dr Clive Irvine akatua Chogoria. Hizo tatu ndizo mawe matatu ya jiko letu, na kila moja ina hospitali hadi leo. Ile ya Kikuyu wengi wanaijua kwa matibabu ya macho tu, lakini ilianza zamani ikiwa ya kila ugonjwa.

Jina Thogoto lenyewe, wasiojua, ni Scot. Mkikuyu wa zamani mpe hilo neno alitamke, ndio hivyo linatoka.

Lakini hapa ndipo nataka mniskize. Mkisoma vibao na picha za ukutani mtadhani kanisa lilikuzwa na hao madaktari. Halikukuzwa nao. Daktari alikuwa mmoja, hospitali inamkaba asubuhi mpaka jioni. Waliosambaza kanisa ni vijana wa miaka kumi na kitu, waliokuwa wamesoma misimu miwili mitatu wanajua kusoma kitabu kimoja na kuandika kwa kibao, wakarudishwa vijijini kwao wafungue shule za nyasi. Asubuhi a e i o u, jioni maombi. Ndio maana Mkristo wa zamani kwetu hakuitwa Mkristo, aliitwa mũthomi, msomaji, wengi wao athomi. Hata Chogoria, walimu waafrika kutoka Thogoto na Tumutumu walikuwa wametangulia kabla ya daktari kuja kukaa. Nyumba ya nyasi, mwalimu kijana anayejua lugha ya pale, basi, ndiyo misheni iliyofanya kazi.

Halafu wakachelewa kuwapa hao vijana usukani. Wachungaji waafrika wa kwanza kuwekewa mikono ni 1926, Musa Gitau akiwa mmoja wao. Kutoka 1891 mpaka 1926 hesabu wenyewe.

Binti_Chogoria:

Asante kwa kutaja Chogoria, huwa mnatusahau mkidhani PCEA iliishia Kiambu na Nyeri. Nataka kuuliza, mbona umeruka 1929? Shosho yangu alikuwa anasema huo mwaka nyumba ziligawanyika, mke kanisa mume nje.

Mwana_wa_Thogoto:

Sijaruka, nilikuwa naogopa, hehe. Haya.

1929 mission ilisema kila mwalimu na mshirika atie sahihi kwamba ameacha kutahiri wasichana, na pia kwamba hayuko KCA, chama cha siasa cha Wakikuyu cha wakati huo. Wengi hawakujua kuandika kwa hivyo waliweka kidole gumba kwenye wino. Kidole gumba ni kĩrore, na hilo ndilo jina waliloitwa waliobaki, kĩrore. Waliokataa wakatoka. Shule zikabaki na viti. Ukaimbwa mũthĩrĩgũ, wimbo wa kukejeli wamishenari na machifu mpaka serikali ikaupiga marufuku. Waliotoka wakajenga shule zao wenyewe, KISA na Karĩng'a, na makanisa yao, AIPCA na Orthodox, na 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Kenyatta mwenyewe aliyekuwa amesomea na kubatizwa Thogoto alikuja kukiongoza hicho chuo baadaye.

Mtumishi_Nanyuki:

Na unasema mission ilikosea? Kukeketa ni kukeketa. Wasichana walikuwa wanakufa wakijifungua na hao madaktari ndio walikuwa wanawaona mezani. Mimi nasimama na Dr Arthur.

Mwana_wa_Thogoto:

@Mtumishi_Nanyuki kwa jambo lenyewe niko na wewe asilimia mia. Sheria ya Kenya ya 2011 iko upande huo, kanisa liko upande huo, mimi nina mabinti wawili. Nisomwe vizuri.

Ninachosema ni namna. Waliunganisha mwili wa msichana na siasa ya ardhi kwenye karatasi moja. Mtu aliyekuwa KCA kwa sababu shamba la babake limechukuliwa akaonekana anatetea kisu. Na mama mwenye binti hakuulizwa kitu, karatasi ilipita kwa waalimu na wanaume. Mwishowe walipoteza watu na kisu hakikuacha, kilienda usiku.

Halafu angalia. Hilo jambo sasa liko mlangoni kwetu huko Samburu na kwa Wamaasai, na safari hii mwenye karatasi ni sisi.

Binti_Chogoria:

Hapo umenigusa. Mamangu ni Gildi, chama cha akina mama wa kanisa, walienda Nendeni wakakaa na akina mama siku tatu, hawakutaja kisu kabisa mpaka siku ya tatu wakati mama mmoja wa huko alianza mwenyewe kuongea jinsi dadake alivyokufa. Alisema walikuwa wanachambua mboga. Hakuna mhubiri aliyekuwa hapo.

Mwana_wa_Thogoto:

Mwambie mamako nimemsalimu. Tangu 1922 Woman's Guild ndiyo inabeba hili kanisa mgongoni na sisi wanaume tunakuja kukata utepe.

Mlutheri_wa_Kimara:

Wakuu, mimi ni Mtanzania, KKKT damu damu, nauliza tu kwa nia njema. Huku Dar niliona kibao cha PCEA nikajua ni kanisa la Wakenya waliohamia. Tofauti yenu na sisi au na Waanglikana ni ipi hasa? Sisi tuna askofu, nyie mna nani?

Mwana_wa_Thogoto:

Karibu sana ndugu yetu. Sharika ziko kwenu na Uganda pia, na ni kweli zingine zilianza na Wakenya waliokuja kikazi.

Sisi hatuna askofu. Tuna wazee. Mimi mzee wa distrikti naangalia nyumba za mtaa wangu, naingia kikao cha wazee cha parishi ambacho mchungaji ndiye mwenyekiti, parishi kadhaa ni presbiteri, na juu kabisa ni Mkutano Mkuu unaokaa kila baada ya miaka mitatu. Huko ndiko anachaguliwa moderata, anakaa kipindi, anaondoka, anarudi kuwa mchungaji wa kawaida kama sisi. Uzuri wake hakuna mtu anaweza kusema kanisa ni langu. Ubaya wake, kitu kidogo kama kubadilisha mlango wa choo kinaweza kupita kamati nne.

Mlutheri_wa_Kimara:

Hahaha hilo la choo hata kwetu lipo mkuu. Endelea.

Mwana_wa_Thogoto:

Sasa kipindi cha kujitawala. Baada ya 1929 kanisa lilikuwa dogo na limechubuka. Likaponea wapi? Moja, uamsho ule wa Afrika Mashariki uliotoka Rwanda na Uganda ukafika kwetu, watu wakaanza kutubu hadharani, kurudisha jembe walizoiba na kadhalika. Mbili, enzi ya Mau Mau, wale wa uamsho wengi walikataa kula kiapo na wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, wakauawa katikati. Ukienda Bahati hapa Nairobi parishi inaitwa Bahati Martyrs, jina hilo halikuwekwa kwa mapambo. Sitaki kuingia kwa nani alikuwa sahihi kwenye Mau Mau, huo uzi tutauana.

Kwenye vitabu vya utawala mambo yanaenda hivi: 1943 kanisa la Waafrika likasimama lenyewe likaitwa PCEA, katikati ya hiyo miaka ya 40 wale wa Gospel Missionary Society wa Kambui wakaungana nasi, 1956 Waafrika na wazungu wa St Andrew's wakawa kanisa moja lenye Mkutano Mkuu mmoja. 1961 Charles Muhoro Kareri akawa moderata wa kwanza Mwafrika.

Kisha John Gatu. Huyu ndiye ningepewa nafasi ningemwekea uzi wake peke yake. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la wakoloni, vita vya pili vya dunia, akaja akawa mchungaji, akawa katibu mkuu. 1971 anaalikwa Milwaukee kule Marekani kwenye tamasha la misheni, watu wamekaa wanangoja asante kutoka Afrika, yeye anasimama anawaambia wamishenari warudi kwao, na pesa zenu pia zisimame, angalau miaka 5, tuone kama tunaweza kusimama. Fikiria uso wa waliomwalika! 1974 Lusaka, makanisa ya Afrika yote yakaunga mkono. Huku nyumbani wimbo ukawa Jitegemea. Kukawa na harambee, shilingi za akina mama, kuku wa mnada, maharagwe ya mnada, embe za mnada. Mimi nikiwa mdogo baba alinunua kuku mmoja mara tatu Jumapili moja, maana kila aliyemnunua alimrudisha tena ili auzwe.

Kanisa likalipuka. Si kwamba wazungu walikuwa wabaya, tunao marafiki wazuri tu hadi leo, ila mtu akijua paa likivuja ni lake anapanda mwenyewe.

KijanaWaBrigedi:

Mzee umetuzungusha Scotland na Milwaukee, Samburu ni lini?

Mwana_wa_Thogoto:

Haya Samburu.

Tulitoka Ijumaa usiku, lori moja na gari tatu, tumebeba unga, mafuta, nguo, mabati ya kumalizia kanisa, na keki. Sijui nani aliamua keki. Tulifika Jumamosi tumevunjika viuno. Kanisa ni la mabati matupu juu mpaka chini, limefungwa kufuli na ufunguo uko kwa mwenye duka wa sentani kilomita kadhaa. Mwinjilisti, kijana wa huko huko, alikuwa ametandika viti chini ya mgunga mkubwa nje. Tukamwambia hapana tuingie kanisani, tumetoka mbali kuona kanisa. Ufunguo ukaletwa na pikipiki. Saa tano asubuhi ndani ya bati Samburu, waliowahi wanajua. Watoto walianza kutoka mmoja mmoja, kisha kina mama wenye wachanga, ikabaki sisi wageni na wazee wawili wa adabu zao.

Halafu mzee mmoja wa msafara wetu akapewa nafasi ya neno, akahubiri Kikuyu. Kikuyu wakuu! Kijana wetu akawa anatafsiri kwa Kiswahili, mwinjilisti anatoa Kiswahili anapeleka Kisamburu. Neno la dakika ishirini likaenda saa nzima, na mzaha wa pale katikati ulifika upande wa pili ukiwa umekufa. Baadaye nikamuuliza mwinjilisti wale akina mama walishika nini, akacheka, akasema walishika neno moja kabla halijatafsiriwa. Ngai. Maana kwao ni Nkai.

Hilo neno moja ndilo limenikosesha usingizi. Wazee wetu walilipata kwa majirani hao hao wenye lugha ya Maa karne nyingi kabla ya Mscoti yeyote, Waskoti wakalikuta kwetu wakaliweka kwenye Biblia ya Kikuyu, na sisi tukalirudisha Samburu tukidhani tunawaletea.

DerevaWaCanter:

Mwana_wa_Thogoto hebu sema ukweli wote. Mimi ndio nilikuwa naendesha lori hiyo safari. Huyo mzee aliyehubiri Kikuyu si ni wewe?

KijanaWaBrigedi:

😂😂😂😂 mtu wangu!

MtuWaEmali:

Uzi umefika patamu.

Mwana_wa_Thogoto:

Ni mimi.

Nilikuwa nataka kuificha lakini kumbe dereva yuko humu. Nilisimama, nikaona kamati yangu yote mbele, watu ninaowajua, mdomo ukaenda kwenye lugha ninayoombea. Sikufikiria. Hapo ndipo shida ilipo, mtu hahitaji kuwa na dharau, anahitaji tu kusahau yuko wapi. Nadhani hata hao Waskoti wa kwanza wengi wao hawakuamka asubuhi wakisema leo tudharau watu. Walijenga mawe kwa sababu kwao kanisa ni mawe. Kanisa la Tochi pale Thogoto, lililokamilika 1933, lichukue uliweke kijiji chochote cha Scotland hakuna atakayegeuza shingo.

Sisi tumechukua hiyo hiyo tukaongeza kengele na mabati.

Mtumishi_Nanyuki:

Sasa mzee usijichape sana. Nimefanya kazi Nendeni miaka mitano na lugha ni jambo dogo, kijana yeyote akikaa mwaka anajifunza. Shida kubwa zaidi ni mpango wa parishi wenyewe. Distrikti ni nyumba za majirani, si ndio? Mshirika anahesabiwa mahali anapokaa. Sasa mfugaji anakaa wapi? Ukame ule wa 2020 mpaka 2022, nilikuwa na daftari la wanaosoma katekisimu, majina 31. Mwezi wa nane nikabaki na kina shosho sita na watoto. Wengine wote fora, yaani kambi za malisho ya mbali, na mifugo, wengine walivuka kaunti. Juu wananiuliza ushirika umeshuka kwa nini. Haukushuka, umefuata nyasi.

Mwana_wa_Thogoto:

Hii sasa ndiyo kitu. Ulifanyaje?

Mtumishi_Nanyuki:

Nilifuata na mimi. Kwanza nilienda wiki mbili kwa miguu na morani mmoja aliyekuwa anasoma. Usiku baada ya kukama tunasoma swali moja la katekisimu, moja tu, wanalijadili mpaka moto uzime. Swali moja linaweza kumaliza usiku kwa sababu kila mtu lazima aseme. Nyumbani tunamaliza sura kwa dakika kumi na watoto wanakariri kama kasuku. Niligundua wale wazee wa boma wanavyokaa chini ya mti kuamua mambo, kila mmoja anazungumza mpaka wakubaliane, ni presbiteri kuliko presbiteri yetu. Hawahitaji kufundishwa utawala wa wazee. Sisi ndio tulienda kuwaonyesha fomu.

Kubatiza nilibatizisha mvua iliporudi, mchungaji akaja, watu 19 kwenye mto wa msimu. Huwa tunanyunyiza lakini maji yalikuwepo kwa hivyo waliingia mpaka magotini wakanyunyiziwa humo humo, sijui kama Waskoti wangeandika nini.

Binti_Chogoria:

Nimesoma hii mara mbili.

MtuWaEmali:

Swali la mtu wa nje. Mbona msiwawekee mikono wenyeji haraka? Mzee hapo juu amelalamika wazungu walichelewa miaka 35. Nendeni mna wachungaji Wasamburu na Waturkana wangapi?

Mwana_wa_Thogoto:

Wapo, na wanaongezeka, lakini kwa macho yangu hawatoshi. Njia ya kuwa mchungaji ni ndefu, unahitaji matokeo ya kidato cha nne, kisha chuo cha theolojia miaka kadhaa, wengi wanapita St Paul's Limuru. Kijana aliyesoma shule iliyofungwa kila ukame hizo alama atazitoa wapi? Na hawa athomi waliofanya kanisa liwe kanisa walikuwa na elimu ya misimu mitatu. Tungewapima kwa fomu za leo, hakuna hata mmoja angepita.

@Mtumishi_Nanyuki mimi sikubaliani kwamba lugha ni jambo dogo lakini hayo mengine nimeyachukua.

Mtumishi_Nanyuki:

Usikubali, ni sawa. Ila mkija tena leteni chumvi ya mifugo badala ya keki.

Mlutheri_wa_Kimara:

Wakuu kwetu wachungaji wa Umaasaini nao wanalalamika hayo hayo, mgeni anakuja na msafara na spika, anapiga picha, anaondoka. Nimejifunza. Ila swali la kichwa cha uzi halijajibiwa, kwa nini mnaitwa kanisa la Wakikuyu?

Mwana_wa_Thogoto:

Kwa sababu kwa idadi ni kweli kwa sehemu kubwa, hata kama Wameru na Wachuka wa Chogoria watanipiga nikisema hivyo, na Mombasa pale Makupa utapata kila kabila. Mission ilishika mlima, mlima ukashika mission, biashara na kazi zikatupeleka mijini, na popote tulipofika tukafungua tawi la nyumbani. Ibada ya kwanza Kiswahili au Kiingereza, ya pili Kikuyu, na matangazo ya maana yakiwa yale ya pili. Mluo akioa kwetu akaja kanisani, anakaa miaka mitatu ndio anaelewa kumbe harambee ilikuwa ya nini.

Ukuaji wa hivyo ni wa watu kuhama na kuzaana. Nendeni ndiko pekee hatuwezi kujidanganya na hizo hesabu.

DerevaWaCanter:

Mzee mwezi ujao tunaenda tena au uliogopa?

Mwana_wa_Thogoto:

Tunaenda. Nimeongea na kamati na tumekubaliana kidogo kidogo, hatujamaliza kubishana. Ni gari moja tu, hakuna spika. Akina mama wa Gildi wanne wanakaa siku tano, sisi wanaume wawili tunafuata mwinjilisti fora kama atatukubali, nimempigia akasema niangalie magoti yangu kwanza. Kanisa lile la bati tumeomba lifunguliwe pande mbili liwe na hewa, na wenyewe wakitaka mti tunakaa kwa mti. Neno atatoa yeye. Mimi nimepewa kazi ya kuosha sufuria.

Nafasi imebaki moja kwa gari. Anayeitaka aje inbox, awe na viatu vya maana, na chumvi ya mifugo gunia mbili tayari nimenunua kwa hivyo buti halina nafasi ya keki.

KijanaWaBrigedi:

Niko inbox.